Kabla ya kulaumu umeme, pima pawasaplai

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno juu ya kifaa ambacho wanunuzi wengi wa kompyuta hapa Mwanza humwachia muuza duka awachagulie: pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa soketi na kuugawa kwa kompyuta. Kompyuta ya mezani ikizimika hovyo, ikijiwasha upya yenyewe au ikianza kunuka kuungua, lawama ya kwanza huenda kwa umeme. Umeme una makosa yake, hatukatai. Lakini pawasaplai ya daraja la kati, ile ya wati 500 hadi 650, imetengenezwa ipokee umeme mchafu na kutoa umeme safi. Ikishindwa kazi hiyo, kilichoshindwa ni kifaa chenyewe, na mara nyingi kasoro yake ilionekana pale pale dukani kabla hela haijatoka mfukoni.

Hoja yetu ni moja. Mtu wa Mwanza aanze kuikagua pawasaplai upande wa ukutani, aone inaupokeaje umeme, ndipo aje upande wa kompyuta. Ile namba kubwa ya wati kwenye boksi iangaliwe mwisho kabisa. Wengi wetu tunaanza na hiyo namba na kuishia hapo hapo.

Tuanze na lebo, maana haihitaji kifaa zaidi ya macho. Sehemu ya umeme unaoingia huandikwa kwa namna tatu. Zipo zilizoandikwa volti 100 hadi 240, zipo za volti 200 hadi 240, na zipo zenye swichi nyekundu mgongoni iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Hizi za swichi ziacheni dukani. Ndani mna kapasita (vyombo vya kuhifadhi umeme kwa muda mfupi) mbili zilizofuatana, kila moja ya volti 200. Swichi ikiwa kwenye 230, umeme wa soketi ukishanyooshwa (kugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kama wa betri) hufika volti 325, kapasita zinagawana, kila moja inabeba kama 160 na maisha yanaendelea. Mtu akiisogeza swichi hadi 115 wakati wa kufagia, kisha kompyuta ikachomekwa kwenye soketi yetu ya volti 230, sakiti inageuka kuwa ya kuzidisha mara mbili. Kila kapasita inapewa 325 ilhali imeandikwa 200. Kitakachofuata ni mlio, moshi mweupe na vipande vya karatasi vilivyotapakaa ndani ya boksi.

Lakini ubaya mkubwa wa aina hiyo si swichi. Ni kwamba haina PFC hai. Kwenye lebo utaiona kama herufi APFC, au PFC yenye neno Active mbele yake. Hii ni sakiti inayopokea umeme wa soketi, uwe mwingi au kidogo ndani ya kiwango kilichoandikwa, na kuuinua hadi volti 380 au 400 hivi kisha kuushikilia hapo. Sasa fikiria jioni, saa moja hadi saa nne usiku, kwenye mtaa ulio mbali na transfoma. Watu wamewasha taa, pasi na majiko, na soketi inasoma volti 170. Pawasaplai isiyo na PFC hai, kapasita zake zilizokuwa na volti 325 sasa zina 240. Inaonekana ni upungufu wa robo tu, lakini nishati iliyomo kwenye kapasita hufuata volti zilizozidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo kilichobaki ni kama asilimia 55. Umeme ukipepesa kidogo, kompyuta inazima. Ile yenye PFC hai, na iliyoandikwa 100 hadi 240, bado ina volti zake 380 kana kwamba hakuna kilichotokea. Itavuta ampea nyingi zaidi ukutani na kupata joto zaidi, lakini itafanya kazi. Ya 200 hadi 240 ipo katikati: mara nyingi ina PFC hai, ila chini ya 200 mtengenezaji hakukuahidi kitu zaidi ya uvumilivu wa asilimia chache. Mjini kati, penye umeme ulionyooka, inatosha. Pembeni mwa mji na visiwani chukua ya 100 hadi 240, hata kama ni ya wati chache kuliko jirani yake.

Kinachofuata ni kapasita kubwa yenyewe, na hapa tutakaa kidogo. Mwongozo wa ATX, ambao watengenezaji wa pawasaplai za kompyuta za mezani huufuata, kwa miaka mingi ulitaka umeme ukikatika, pawasaplai yenye mzigo wote iendelee kutoa volti sahihi kwa milisekunde 16 au zaidi. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo tunazungumzia muda usiofika hata mzunguko mzima. Kapasita ya maikrofaradi 390 (hicho ni kipimo cha ukubwa wake) iliyojazwa hadi volti 380 ina jouli 28. Tuseme pawasaplai inaweza kuinyonya hadi volti 300 kabla haijashindwa. Hapo imetumia jouli 10 na nusu hivi. Kompyuta ikitaka wati 500 na ufanisi ukawa asilimia 90, kinachonyonywa ni wati 555. Gawanya, utapata milisekunde 19. Sasa weka maikrofaradi 220 badala ya 390, kama wanavyofanya watengenezaji wanaobana senti: unabaki na milisekunde 11 tu. Pawasaplai hizo mbili boksi zake zinaweza kufanana na wati zake zikawa sawa.

Kapasita hiyo mara nyingi huonekana kwa tochi kupitia wavu wa feni. Ni silinda nene kuliko zote ndani, na ubavuni imeandikwa volti (400, 420 au 450), maikrofaradi na joto. Kwa pawasaplai ya wati 500 hadi 550 tafuta 330 kwenda juu, na ukiona 390 au 470 furahi. Kuhusu joto, taka 105 na si 85. Maisha ya kapasita za aina hii hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na ndani ya kasha la kompyuta iliyo kwenye chumba kisicho na kiyoyozi hizo nyuzi 10 zinapatikana bila kutafutwa. Usifungue pawasaplai ili usome vizuri. Kapasita hiyo hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Hapa ndipo lilipo jibu la lalamiko linalosikika kila siku: UPS (ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika) ipo, imejaa chaji, lakini umeme ukikatika kompyuta inazima. UPS za kawaida zinazouzwa madukani hukaa zikipitisha umeme wa ukutani, na ukikatika huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Pawasaplai inayoshikilia milisekunde 16 haitambui kilichotokea. Inayoshikilia 8 inaweza kuzima kabla UPS haijamaliza kuhama, na mwenye mali anakwenda kununua UPS nyingine.

Sababu ya pili ni ya kinyume, nayo huwakamata walionunua pawasaplai nzuri. UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini. Hutoa ngazi, yaani volti zinapanda ghafla, zinakaa, zinaanguka hadi sifuri, zinatulia, kisha zinageuka upande wa pili. Baadhi ya PFC hai huchanganyikiwa na kile kituo cha sifuri. Kila ngazi ikipanda, zinavuta ampea nyingi kwa mkupuo, UPS inaona imezidiwa na inajikata. Dawa ni UPS ya wimbi laini, au kuzijaribu zote mbili pamoja kabla ya kulipa. Washa kompyuta, ipe kazi nzito, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Fanya mara kumi, si mara moja, kwa sababu kila ukichomoa unaukuta umeme mahali tofauti kwenye wimbi lake, na pawasaplai dhaifu inaweza kupona mara nne na kuanguka ya tano. Kumbuka pia kwamba UPS iliyoandikwa 650VA kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Pawasaplai isiyo na PFC hai huila zaidi: mzigo wa wati 200 unaweza kuonekana kwa UPS kama VA 300 na ushei.

Kwa stabilaiza tutasema kwa kifupi tu. Kompyuta yenye pawasaplai ya volti 100 hadi 240 haihitaji stabilaiza. Kila ile rilei yake inapolia "tak", kuna pengo dogo la umeme, na hilo ni jaribio jingine unalompa mtu aliyekwisha kufaulu. Iachie friji.

Sasa tuje upande wa kompyuta. Kwenye lebo kuna jedwali la umeme unaotoka: volti 3.3, volti 5, volti 12, hasi 12, na volti 5 ya kusubiri ambayo huwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kompyuta za leo, prosesa na kadi ya grafiki vyote hula volti 12. Kwa hiyo tazama ampea za safu hiyo na uzidishe kwa 12. Pawasaplai ya wati 550 ya kweli itaonyesha ampea 45 hivi, sawa na wati 540. Zipo zinazoandikwa 500 kwa wino mkubwa, halafu kwenye jedwali volti 12 ina ampea 20: hiyo ni wati 240. Zilizobaki zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya kisasa haizitumii kwa wingi hivyo. Lebo haijadanganya, imesema ukweli kwa herufi ndogo. Na ikiwa jedwali halipo kabisa, hakuna cha kujadili.

Unahitaji wati ngapi? Chache kuliko unavyoambiwa. Prosesa ya Ryzen 5 5600 huvuta hadi wati 76, kadi ya grafiki ya RTX 3060 wati 170, bodi, memori, diski na feni zikijumlishwa kama 50. Jumla ni 296. Pawasaplai ya kweli ya 550 inabeba hiyo ikiimba, na inabaki na nafasi kwa ile mikupuo ya sekunde ndogo ambayo kadi za grafiki zinajulikana nayo. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi haifiki 200. Anayeuziwa wati 850 kwa ajili ya kuandikia barua na kuchapa risiti ameuziwa wati asizozihitaji.

Ishike mkononi. Pawasaplai nzuri ya daraja hili ina uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, kwa sababu transfoma, koili na bati za kupoozea havitengenezwi kwa hewa. Isiyofika kilo moja usiiamini. Mizani ya dagaa pale Mwaloni Kirumba ingetosha kuiumbua. Ila uzito pekee hauthibitishi kitu, kwani wapo waliokamatwa wameongezea kipande cha chuma kisicho na kazi ndani. Soma nyaya: kwenye ganda la plastiki huandikwa 18AWG, ambayo ni unene wa milimita za mraba 0.8 hivi. Ukiona 20 au 22 kwenye nyaya za prosesa na za kadi ya grafiki, rudisha. Beba na sumaku ndogo: ikivuta ncha ya waya wenyewe, hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa.

Mafundi wenzetu wanaotaka kwenda mbali zaidi, jaribio lenye maana hufanyika kwa mzigo. Kuipima pawasaplai ikiwa tupu ni kama kumpima mbeba mizigo akiwa amekaa. Mzigo wa bei nafuu upo kwenye maduka ya spea za magari: taa za halojeni za volti 12 na wati 55, H1 au H7. Kila moja hula ampea 4.5 hivi. Nunua saba. Ziweke juu ya tofali au kigae, mbali na meza ya mbao, kwa sababu baada ya dakika mbili zitaunguza chochote. Plagi ya prosesa yenye matundu 8 ina nyaya nne za njano (za volti 12) na nne nyeusi (za kurudisha umeme): hapo ning'iniza taa nne, kila taa na waya wake wa njano na mweusi wake. Plagi ya kadi ya grafiki ya matundu 8 ina za njano tatu: taa tatu. Jumla ni wati 385.

Pawasaplai isiwe imeunganishwa na kompyuta. Kwenye plagi kubwa ya matundu 24 unganisha waya wa kijani, wa 16, na mweusi ulio jirani, wa 17, kwa kipande cha waya. Feni itazunguka, isipokuwa zile zinazosubiri joto kwanza. Unganisha taa moja moja. Hili ni la lazima: uzi wa taa ukiwa baridi hupitisha mara kumi ya ampea zake za kawaida, na ukiwasha zote saba kwa pamoja, pawasaplai yenye ulinzi mzuri itajikata na utasema ni mbovu, kumbe imefanya kazi yake.

Weka multimeta kwenye plagi isiyo na taa, uone volti zenyewe bila kupungua kwenye nyaya. Mipaka ya ATX ni asilimia 5 juu na chini: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Sisi hatuipi pawasaplai ya daraja la kati uhuru wote huo. Ikitoka taa sifuri hadi taa saba, njano isishuke zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti.

Kisha tazama waya mwekundu, maana ndiye msema kweli. Taa zote zipo kwenye njano, nyekundu haina mzigo wowote. Kwenye pawasaplai za muundo wa zamani, volti 12 na volti 5 zinalindwa na jicho moja linaloangalia wastani wa zote mbili. Njano ikielemewa inashuka, jicho linasukuma zote juu, na nyekundu inapaa hadi 5.2 au kupita. Ukiona hivyo umeshajua kilichomo ndani bila kufungua skrubu moja. Kwenye muundo mpya, volti 5 na 3.3 hutengenezwa kutoka kwenye volti 12 kwa vibodi vidogo vya pekee, na nyekundu haitikisiki hata uongeze taa ya saba. Kompyuta yenye kadi ya grafiki inahitaji muundo huu wa pili, kwa sababu mzigo wake ndio huo huo wa taa zetu: njano nyingi, nyekundu kidogo.

Waya wa kijivu usisahaulike. Ndio unaoiambia bodi kwamba umeme umetulia. Unapaswa kusoma karibu volti 5, na uchelewe kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya kuwasha. Pawasaplai za ovyo huunganisha kijivu moja kwa moja na volti 5, hivyo bodi inaambiwa "tayari" wakati hakuna kilicho tayari. Acha taa ziwake nusu saa. Nusa. Harufu ya plastiki mpya kidogo ni kawaida, ya samaki aliyeoza ni kapasita.

Kuhusu mawimbi madogo yanayobebwa juu ya volti, multimeta haifai, na anayekuonyesha kwa multimeta anakupotezea muda. Inahitajika osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) iliyowekewa mpaka wa megahezi 20, na kwenye ncha yake kapasita mbili sambamba, ya maikrofaradi 0.1 na ya 10. Kiwango cha juu ni milivolti 120 kwenye volti 12, na milivolti 50 kwenye volti 5 na 3.3. Nzuri za daraja la kati huwa chini ya nusu ya hapo.

Neno juu ya vibandiko vya 80 PLUS, kwa kuwa wauzaji hupenda kuvionyesha. Vinapima hasa ufanisi, katika chumba cha nyuzi 23, na havisemi lolote kuhusu mawimbi, ulinzi au muda wa kushikilia. Kwa volti 230, Bronze hutakiwa kufika asilimia 88 kwenye nusu ya mzigo na Gold 92. Kompyuta inayotumia wati 200 kwa saa 8, siku 300 kwa mwaka, tofauti hiyo ni wati 10, au yuniti 24 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya yuniti unayonunulia LUKU utaona kwamba Gold hairudishi hela yake kwa umeme. Wanaoichagua kwa busara wanaichagua kwa sababu kwa kawaida kilichomo ndani ni cha muundo ule wa pili. Vibandiko bandia vipo. Orodha ya modeli zilizopimwa iko wazi mtandaoni, na isiyokuwemo haikupimwa, hata king'ae vipi.

Mwanza ni mji wa mawe, na mawe yana lake la kusema. Nyumba nyingi za vilimani, Isamilo, Mabatini, Igogo, zimekaa juu ya miamba, na fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) haizami. Fundi huishia kuichomeka futi moja na kuifukia, au haiweki kabisa. Ndani ya kila pawasaplai nzuri kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na kasha, ili kelele za umeme zikimbilie ethi. Ethi isipokuwepo, kasha la kompyuta hukaa na karibu nusu ya volti za soketi, yaani 115 hivi. Ampea zake ni ndogo mno, ndiyo maana unatekenywa tu ukiligusa ukiwa pekupeku. Watu husema pawasaplai "inavuja" na kununua ya bei rahisi isiyo na kapasita hizo, na kweli mtekenyo unapungua. Wametibu dalili kwa kutupa dawa. Pima soketi: laini na nyutro 230, laini na ethi 230, nyutro na ethi volti chache sana. Ikiwa laini na ethi inasoma namba inayoyumba, ethi haipo. Penye mwamba fundi umeme mwenye leseni hufukia utepe wa shaba kwa mlalo kwenye mtaro mrefu badala ya kulazimisha fimbo. Na radi za usiku za ziwani zikianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa mtandao pia; zinaweza kupitia huko.

Kwa walio kando ya maji kuna adui mwingine. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na duka la kompyuta lililo wazi usiku ni karamu. Feni ya pawasaplai inawavuta, miili yao inashika vumbi, na unyevu wa masika unafanya tope linalopitisha umeme kidogo kidogo kwenye upande wa volti 380. Kila baada ya miezi mitatu puliza kwa bulowa ukiwa umechomoa, huku umezuia panga la feni kwa kijiti, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo hugeuka kuwa jenereta na huua beringi zake.

La mwisho ni la wanaonunua pawasaplai zilizotumika, zile ambazo nyaya zake huchomoka. Plagi za upande wa kompyuta hufanana dunia nzima. Za upande wa pawasaplai hazifanani. Kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja. Waya wa diski kutoka pawasaplai nyingine unaingia vizuri kabisa, unabana "ka", na unapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski inakufa papo hapo pamoja na picha zote za harusi. Ukipewa mfuko wa nyaya zilizochanganyika, usiunganishe diski kwanza. Chomeka waya kwenye pawasaplai, washa kwa kijani na nyeusi kama tulivyoeleza, na upime kila tundu la ncha ya diski. Plagi ya SATA, ndiyo hiyo ya diski, ina njia 15 zilizopangwa tatu tatu: 3.3, nyeusi, 5, nyeusi, 12. Tatu za 3.3 zikisoma sifuri usishtuke, pawasaplai nyingi za sasa hazipeleki huko. Lakini za 5 zikisoma kitu kingine chochote, nyaya hizo si zake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa kompyuta,
Nyakato, Mwanza